Koti la kupasha joto kwa bodaboda wa Njombe: kazi ni ya cherehani kuliko ya umeme

Swali: "Mimi ni fundi cherehani hapa Njombe mjini. Mume wangu ni bodaboda, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na mwezi huu wa saba mnajua wenyewe baridi ya huku. Nimeona makoti ya Kichina yana waya ndani, unachomeka pawabenki yanapata joto. Naweza kushona mwenyewe? Nitumie waya gani, na je mvua ikimnyeshea hatapigwa shoti?"

Dada pole na baridi, na nashukuru umeuliza kabla hujakata kitambaa, maana wengi huwa wananitafuta koti likiwa limeshatoboka tundu la moto mgongoni. Jibu fupi ni ndio, unaweza, na kusema kweli wewe unaanza ukiwa mbele yangu, mimi nilikuja kwenye hii kazi nikiwa najua umeme ila cherehani sijui hata kuweka bobini, na karibu kila kitu kilichonishinda miaka ile ya mwanzo kilikuwa cha upande wako sio wangu. Hesabu ya umeme humu ndani ni moja tu, nitakupa hapo chini. Kilichobaki chote ni mshono.

Tuanze na shoti kwa sababu najua ndiyo inayokunyima usingizi. Pawabenki inatoa volti 5. Betri ya pikipiki ni volti 12, injini ikizunguka inapanda mpaka 14 na pointi. Volti ndogo hivyo hazimrushi mtu hata awe amelowa chapachapa. Ila usije ukadhani volti ndogo maana yake hakuna hatari, hatari ipo, ni ya kuungua. Betri ya pikipiki ukigusanisha nyaya zake mbili bila kitu katikati unaona cheche na ganda la waya linayeyukia mkononi, sasa umeme uleule ufanye hivyo ndani ya koti ambalo mtu kalifunga zipu mpaka shingoni na yuko mwendoni, unaelewa mwenyewe. Kwa hiyo kila tahadhari nitakayokupa humu ni ya moto. Shoti ya kweli inakuja kwenye kosa moja tu, mtu kuvaa koti huku pawabenki imechomekwa kwenye chaja ya ukutani, hapo volti 230 zinakuwa jirani, na chaja za bei ya chee kinachokutenganisha na hizo volti ni bahati. Achaji kwanza, achomoe, ndio avae.

Sasa kabla ya waya, upepo, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza hela. Mwili wa mtu mzima aliyetulia unatoa joto la kama wati 100, yaani kama ile balbu ya zamani ya njano. Pawabenki ya kawaida kwenye tundu lake moja inakupa wati 10, na ukitaka idumu utatumia 7 au 8. Angalia hizo namba, unaongeza 8 juu ya 100. Ni kidogo hicho! Mtu akienda spidi 50 asubuhi ile ya ukungu, upepo unaingia kwenye meno ya zipu na kwenye mashimo ya mishono, unazoa hizo 8 zako na nyingi za kwake juu, halafu anarudi nyumbani anakwambia hili koti lako halifanyi kazi. Bodaboda wameshalijua hili bila kufundishwa na mtu, si unaona wanavaa koti kinyumenyume, zipu inakaa mgongoni, wengine wanaweka boksi kifuani chini ya koti. Hiyo ni akili kubwa kuliko waya wowote. Koti la umeme lisilozuia upepo ni sawa na kuwasha jiko uwanjani.

Kwa hiyo mpangilio kutoka mwilini kwenda nje uwe hivi: fulana ya pamba kwanza, juu yake kizibao chenye waya, juu yake kitu kinachoshika hewa kama sweta zito au kile kitambaa cha manyoya cha blanketi, halafu nje kabisa kitambaa kisichopitisha upepo, kile cha makoti ya mvua kinafaa. Waya ukae ndani, karibu na mtu, na vinavyotunza joto vyote viwe nje ya waya. Nimeshaona makoti ya kununua waya umewekwa nje ya pamba, yaani wanapasha joto barabara ya Makambako.

Na sehemu ya kupasha, usitake kupasha koti lote. Wati 8 ukizitawanya mwili mzima hazisikiki. Weka mgongo wa juu, kati ya mabega mpaka usawa wa mwisho wa mbavu, basi. Watu wanaliona hili la ajabu kwa sababu kinachouma ni vidole, lakini kiwiliwili kikianza kupoa mwili unabana mishipa ya mikononi ili damu ya moto ibaki ndani kwenye moyo na ini, vidole ndio vinalipa. Kiwiliwili kikipata joto damu inaachiwa tena.

Haya waya.

Cha kwanza watakachokushauri mafundi wa mtaani ni koili, ile ya jiko la umeme au ya drya ya saluni. Hiyo ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromi, kwa kawaida 80 kwa 20, Mmarekani Albert Marsh aliipatia hati miliki mwaka 1906 na mpaka leo ndio inayopasha pasi na majiko ya koili. Sifa yake inaweza kuwa nyekundu kabisa hewani na isiungue, na hapo ndipo watu wanapojidanganya, kwamba kama inavumilia moto basi itavumilia koti. Kwenye koti hakuna moto wa hivyo! Kwenye koti kuna kukunjwa. Mtu anainama, anageuka kuangalia nyuma, anakaa, anabeba gunia, mgongo unakunjika maelfu ya mara kwa siku, na ile koili ni nene, ngumu, ina kumbukumbu ya springi, inatafuta kurudi kwenye umbo lake, mwishowe inakatika kama waya wa hanga ukiukunja huku na huku. Iache kwenye jiko.

Cha pili ni uzi wa stenlesi, yaani nyuzi nyembamba sana za chuma zimesokotwa zikawa kama uzi wa kushonea kabisa, wa kawaida una ukinzani (jinsi waya unavyoubania umeme usipite, kipimo chake ni ohm) wa kama ohm 30 kwa mita. Huu ndio nilioanza nao na utakuvutia kwa sababu unashoneka kwenye cherehani yako hivihivi. Ukiutumia siku moja uweke kwenye bobini, juu kwenye sindano weka uzi wa kawaida, maana ukipita juu kwenye mkazo unachanika vinyoya na kukwama. Shida yake hauna ganda. Kizibao changu cha kwanza kilifanya kazi vizuri sana kikiwa kimelala mezani, nikakipiga picha, nikakivaa kwa mbwembwe nikakaa kwenye kiti, mgongo ukakunjika, mistari miwili ikagusana, umeme ukapata njia ya mkato na wote ukapita pale, na nilichokisikia kwanza sio maumivu ni harufu. Tundu saizi ya shilingi mia. Tangu siku ile uzi usio na ganda nautumia kwa vitu vidogo tu ambavyo havikunjwi.

Uzi wa nailoni uliopakwa fedha nao upo, wanauuza kwa bei ya ajabu, ni mzuri kwa kupitisha umeme mdogo wa kuwasha taa ndogo, kwa joto hapana. Jasho na sabuni vinaila ile fedha na nailoni yenyewe inayeyuka nyuzijoto 220 hadi 260 hivi kutegemea aina. Upite.

Wa kwako ni waya wa kaboni. Ndani ni fungu la nyuzi za kaboni nyembamba kuliko unywele, nyuzi elfu kumi na mbili, ndio maana kwenye tangazo utaona imeandikwa 12K, na juu kuna ganda la silikoni, unene wa nje kama milimita 3. Wachina wanautengeneza kwa ajili ya kupasha sakafu za nyumba, sisi tunauiba kwa kazi yetu. Ukinzani wake ni ohm 33 kwa mita. Upo wa 24K wenye nusu yake, ohm 17, usichanganye, uliza kabla ya kulipa. Silikoni haijali maji na inavumilia joto ambalo koti halitafika kamwe. Unakunjika vizuri ukiukunja taratibu kwa duara, ila ukiukunja kona kali kama bahasha nyuzi za ndani zinavunjika moja moja, huoni kitu kwa nje, unashangaa tu siku moja sehemu imepoa.

(Kuna dunia nyingine ya wino. Timu ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya baridi ya PyeongChang, 2018, walivaa makoti ya Ralph Lauren ambayo heta yake ilichapwa ndani kwa wino wa kaboni na fedha, kwa umbo la bendera yao kabisa. Inapendeza, siwezi kukataa. Lakini ile ni kazi ya kiwanda na ya kuvaliwa usiku wa sherehe, koti la mumeo litarudi na matope kila siku, hapo waya unaoweza kuuchomoa ukaweka mwingine unaushinda wino mbali sana.)

Hesabu sasa, usiogope. Volti mara volti, gawa kwa ohm, unapata wati. Chukua mita moja ya huo waya, ohm 33, uichomeke kwenye pawabenki: 5 mara 5 ni 25, gawa kwa 33, unapata kama robo tatu ya wati. Haipashi hata kidole. Kata nusu, sentimita 50, ohm zinakuwa 16 na nusu, 25 gawa kwa 16.5 unapata wati moja na nusu. Umeona? Waya ukifupisha joto linaongezeka, na hiki ndicho kinachowachanganya watu, wanadhani waya mrefu ndio joto jingi, wanashona mita tano kwa mkupuo mmoja halafu wanasema waya feki. Sasa chukua vipande vitano vya sentimita 50, kila kimoja kipate volti zake 5 chenyewe, unapata wati 7 na nusu hivi, na umeme unaovutwa ni ampea 1.5, pawabenki yoyote nzima inaweza. Jumla umetumia mita mbili na nusu za waya. Nunua tatu na ushee, utaharibu vichache.

Namna ya kuviunga: fikiria umefunga kamba mbili za kuanikia, moja juu, nyingine sentimita tatu chini yake, halafu umeanika suruali tano, kila suruali mguu mmoja umebanwa kamba ya juu na mguu wa pili kamba ya chini. Kamba ni waya wa shaba, ile ya juu inakwenda kwenye chanya ya pawabenki na ya chini kwenye hasi, suruali ni kaboni. Kila kipande kinashuka mgongoni sentimita 25 kinageuka kwa duara kinapanda, ncha zote mbili zinaishia huko juu kwenye kipande cha mabega. Faida ya kwanza, kimoja kikikatika vinne vinaendelea. Wanajeshi wa anga wa Marekani waliokuwa wanaruka na ndege za mabomu vita ya pili ya dunia walikuwa na suti za umeme, na moja ya zile za mwanzo, F-1, nyaya zake ziliungwa kwa mfululizo kama taa za Krismasi, glavu moja ikikata basi suti nzima imezima, na huko juu nje ni nyuzi 40 chini ya sifuri. Zilizofuata wakabadilisha. Faida ya pili ni ya kwako wewe fundi: maungio yote kumi yanakaa sehemu moja, juu kwenye mabega, ambako kitambaa hakikunjiki sana, na huko chini kwenye mgongo unaokunjika kuna waya mzima tu bila kiungo.

Kushona. Wenye cherehani za zigizaga wanalaza waya juu ya kitambaa na kupita juu yake na zigizaga, ila kama yako ni ile nyeusi ya miguu ya mshono mmoja hujapungukiwa kitu, kwa maoni yangu yako ndio inatoa kazi bora. Chukua vipande viwili vya pamba nzito kidogo, kaki laini au shuka nzuri, viweke pamoja, chora mistari kwa chaki halafu shona njia kama unavyoshona njia ya lastiki kiunoni, mishono miwili imeachana milimita 8, njia kumi zinazoshuka, kila mbili zinakutana chini. Kati ya njia na njia acha sentimita tatu. Ukimaliza una kitu cha upana wa kama sentimita 35 na urefu 25. Waya unaupitisha ndani kwa pini ileile ya kupitishia lastiki. Pale chini kwenye kugeuka usishone kwanza, pitisha waya, uache ulegee kama sentimita moja ya ziada, ndio ufunge. Huo ulegevu sio uvivu. Mtu akiinama mgongo unarefuka, na kama waya umekaza kama gitaa utavuta maungio kule juu. Pamba naisisitiza kwa sababu poliesta ikitokea hitilafu inayeyuka na kunata kwenye ngozi, pamba inaungua inakuwa nyeusi inanuka, mtu anapata nafasi ya kuvua.

Usikishone hiki kipande moja kwa moja kwenye koti. Kishone kama bitana ya kuvua, velkro au vifungo pembe nne, nitakwambia kwa nini tukifika kwenye kufua.

Sasa maungio, ndio roho ya kazi yote hii. Kaboni haishiki risasi ya kusolda, unaweza kukaa nayo mpaka kesho inateleza tu. Lazima ubane. Toa ganda la silikoni sentimita moja na nusu kwa wembe, taratibu, ukikata nyuzi za ndani umeshapoteza. Lile fungu la kaboni likunje mara mbili liwe nene, lilaze pamoja na nyuzi za shaba ulizomenya kutoka kwenye waya wako mkuu, vyote viingie kwenye kile kibomba kidogo cha shaba wanachotumia mafundi umeme kubania ncha za waya, ubane kwa plaizi sehemu mbili. Juu pitisha mpira ule unaosinyaa kwa moto, uupashe joto kwa kibiriti kwa mbali. Kisha vuta. Vuta kweli, kama unang'oa mchicha. Kikitoka kwako mkononi kingetoka barabarani.

Halafu multimita, kile kipimo cha umeme kinachosoma volti na ohm, kama huna azima kwa fundi redio. Kila kipande peke yake kabla hujakiunga upande wa pili kisome 16 na nusu au karibu na hapo, vyote vitano vifanane. Kimoja kikisoma 19, au namba inachezacheza ukitikisa kiungo, usijiambie itakaa sawa. Rudia. Kiungo kibovu ni heta iliyojificha, hasa kile cha mwanzo pale waya wa pawabenki unapoingia, umeme wote ampea 1.5 unapita hapo, uzembe wa nusu ohm tu unatoa zaidi ya wati moja kwenye kitu saizi ya punje ya mchele. Ukiwasha, pitisha kidole kwenye maungio yote: kiungo kikiwa cha moto kuliko waya wenyewe, kibovu hicho.

Na kitu ambacho mimi kilinichukua muda mrefu kukielewa wakati mama mmoja fundi aliniambia kwa sentensi moja, waya haukatiki kwenye kiungo, unakatika sentimita moja baada ya kiungo, pale kigumu kinapokutana na kilaini. Kama vile suruali inavyochanika pembeni ya kiraka. Kwa hiyo chini ya mstari wa maungio weka kipande cha kanvasi au ile stifu ya kola, kishike eneo lote, na kila waya unaotoka kwenye kiungo uushikize kwa mkono sentimita tatu nzima kabla ya kuuachia uingie kwenye njia yake. Waya wa shaba utumie ule wenye nyuzi nyingi ndani, wa spika unafaa, na kutoka pawabenki mpaka mgongoni uwe mfupi na mnene kiasi, waya mwembamba wa chaja ya bei poa unakula hata nusu volti njiani, joto linaishia mfukoni.

Kupima joto usimpimie mtu. Laza kipande mezani, kifunike na blanketi lililokunjwa, washa nusu saa, weka kipimajoto ndani. Blanketi kwa sababu unataka kujua hali mbaya zaidi, siku ambayo hakuna upepo kabisa. Upande unaoelekea mwili usizidi nyuzijoto 42. Watu hawaamini kwamba joto dogo hivyo linaunguza ila linaunguza kwa muda: kuna utafiti wa zamani wa Moritz na Henriques, 1947, ulioonyesha ngozi ikikaa kwenye nyuzi 44 kwa kama saa sita inaungua, na kila nyuzi moja ukipanda muda unapungua karibu nusu. Mtu hasikii maumivu yoyote, anaona tu jioni ngozi imekuwa nyekundu na malengelenge. Ikizidi 42 usipunguze kwa matumaini, refusha vipande, weka vya sentimita 60 badala ya 50, hesabu unaijua sasa.

Na uweke mlinzi. Kuna kidude kidogo kinaitwa KSD9700, saizi ya ukucha, ndani kina metali mbili zilizounganishwa zinazojikunja zikipata joto na kukata umeme, zikipoa zinarudisha. Kinauzwa kwa nyuzijoto tofautitofauti, chukua cha 45, kile ambacho kawaida kinapitisha na kikipata joto kinakata, maana kuna cha kinyume pia. Kikae katikati ya mgongo kimegusana na waya, na umeme wote upite kwake. Kitakata tu mambo yakiharibika. Ukiona kinakata kila siku ujue umepasha kupita kiasi, na utagundua kwa njia ya kuudhi, pawabenki nyingi zikiona hakuna kinachovutwa zinajizima zenyewe na haziwaki tena mpaka ubonyeze kitufe, mtu anadhani koti limekufa.

Asilale nalo. Na kama kuna mzee nyumbani mwenye kisukari ambaye miguu au mgongo una ganzi, asipewe hata kwa dakika kumi, huyo hana kengele ya kumwambia anaungua.

Pawabenki ya 10,000 (mAh, namba ya ukubwa iliyoandikwa juu yake) ya kweli ina umeme wa kutoa kama wati 37 kwa saa moja, zikipunguzwa zinazopotea njiani unabaki na 30 na kitu, kwa koti hili ni saa nne hivi. Nasema ya kweli kwa sababu sokoni zimejaa zilizoandikwa 30,000 na ni nyepesi kama kiberiti, pima kwa mkono tu. Ikae mfuko wa ndani, betri za lithiamu zikipata baridi zinachoka mapema. Na mwambie asiwashe muda wote, awashe dakika kumi, azime, mabega yakianza kupoa awashe tena, hapo inafika mpaka saa tano asubuhi jua limetoka.

Utauliza kwa nini asichukue umeme wa pikipiki wakati betri ipo. Anaweza, ila SIO kwa kipande hiki. Hicho nilichokupa kina ohm 3.3 jumla, ukikiweka kwenye volti 14 fanya mwenyewe hesabu, 14 mara 14 gawa kwa 3.3, karibu wati 60 mgongoni. Hiyo ni pasi. Cha pikipiki unakishona kingine, vipande vitatu vya mita moja na sentimita 20 kila kimoja, ohm kama 40, injini ikizunguka kila kimoja kinatoa kama wati 5, jumla 15, njia zake utazizungusha mara mbili mgongoni, na zile wati ni mara mbili ya za mwanzo kwa hiyo tandaza mpaka kiunoni, na kile kipimo cha blanketi kinarudiwa upya. Chukua umeme baada ya swichi ya ufunguo ili asisahau kimewaka, fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri na sio karibu na koti, na plagi iwe ile ya duara ya adapta ya king'amuzi, inachomoka yenyewe akishuka haraka, maana atashuka na kusahau, wote wanasahau. Plagi ziwe tofauti na za USB ili zisiingiliane hata kwa bahati mbaya gizani. Pikipiki ndogo hazina umeme mwingi wa ziada, kwa hiyo washa injini, washa taa, washa koti, pima betri: ikikaa juu ya 13 uko salama, ikishuka kuelekea 12 koti linakula betri na kesho atasukuma. Mimi kwa kizibao cha kwanza ningebaki na pawabenki.

Kufua ndio kile nilichoahidi. Koti linafuliwa, kipande cha waya kinavuliwa kwanza. Kikichafuka chenyewe kifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, au kichovye bila kukikamua, kianike kimelala kivulini mpaka kikauke kabisa ndio ukichomeke. Kukamua ndio adui, ukikamua kama unavyokamua blanketi umezikunja zile nyuzi elfu kumi na mbili kona kali zote kwa pamoja. Jasho nalo lina chumvi, linakula shaba kwenye maungio, kwa hiyo kila mwanzo wa baridi fungua, angalia kama kuna ukijani, pima ohm tena.

Glavu achana nazo msimu huu. Vidole vinakunjika kuliko kitu chochote mwilini na nafasi hakuna, vile vifuko vya kufunika usukani vitamsaidia zaidi na hela ndogo, na hivyo unashona mchana mmoja kwa turubai na blanketi kuukuu.

Ukimaliza kipande cha kwanza usikiingize kwenye koti hapohapo. Kikunje na kukikunjua kwa mkono mara mia, pima ohm, zikibaki zilezile ndio umvalishe. Siku ya kwanza aende nacho stendi na kurudi tu, akifika nyumbani mvue fulana umwangalie mgongo kwenye mwanga. Ukikuta mistari myekundu inayofuata njia zako za mshono, ongeza safu moja ya pamba upande wa mwilini, na usome tena pale niliposema nyuzi 42.